Mafungu Matatu ya Ambrosi Likwata

Ambrosi Damiani Likwata. Ndilo jina lake lote, na nalitaja lote kwa kuwa kila kipande kina mtu wake na kazi yake. Likwata ni babu yetu, aliyetoka mafichoni baada ya Vita vya Majimaji akakuta kijiji ni majivu matupu, akapanda mlima wa Namwedo na kufyeka msitu kwa shoka lililobaki na makali upande mmoja. Damiani ni baba yetu, aliyebeba kengele ya kanisa kutoka bandarini Kilwa Kivinje hadi huku juu, yeye na wenzake, wakipokezana mti mabegani. Kengele ile bado inalia. Mama yetu Benadetha, mwaka wa njaa kuu, alijua ilikojificha porini ming'oko, ile mizizi ya kuliwa, akawachimbia majirani wa Kikristo na wa Kiislamu sawasawa, na mpaka anaingia kaburini hakumkumbusha mtu.

Ambrosi alikuja wa mwisho. Nilimbeba mimi mgongoni, kwa hiyo asinisahihishe mtu. Wapo wanaosema kwamba katika ukoo ule yeye hakufanya kitu. Alifanya. Kazi yake ilikuwa ya mahindi, na ilivurugika karibu na mwisho, na asiyejua ilivyovurugika atadhani haikuwapo.

Udongo wa Namwedo ni mwekundu, mzuri kwa macho. Babu alipofyeka, mahindi yalikuwa yanamficha mtu. Sisi tulipokuwa wazee yalikuwa yanafika magotini, majani yanapiga rangi ya zambarau pembeni, kisha mmea unasimama hapo hapo kama mtu aliyesahau anakokwenda. Wengine walisema jua, wengine walisema ni mkono wa mtu. Ambrosi alisema ni njaa, ardhi ina njaa, na alikuwa na sababu ya kusema hivyo, maana yeye ndiye aliyekuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika. Mbolea ya serikali ililetwa na lori mpaka barabara inapokatikia, sisi wanawake tukaipandisha kichwani, na Ambrosi akaigawa ghalani. Mahali ilipotiwa, zambarau ilipungua.

Halafu ikaja ile ruhusa ya kila mtu kufanya biashara. Ruzuku ikaondoka, chama kikafa bila hata kuzikwa, na mwaka wa tisini na mbili ghala lilipangishwa kwa Yassini Kibwana. Yassini alikuwa wa kumbi moja la jando na Ambrosi, wakitaniana tangu hapo. Ufunguo Ambrosi alimkabidhi kwa mkono wake.

"Usilie, bwana," Yassini akamwambia. "Nitauza sabuni humu. Ghala litanukia, tofauti na enzi zako."

"Na mbolea?"

"Mbolea nitaleta akitokea wa kununua. Unamjua mtu huyo? Nitajie jina lake."



Mwaka ule ule alikuja Jerome, bwana shamba wa utafiti, kijana mwenye adabu, akaacha pikipiki yake chini na kupanda kwa miguu. Alichukua udongo wa Ambrosi, akauchanganya na maji katika kichupa, akachovya kijikaratasi. Kijikaratasi kikageuka rangi ya chungwa. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kinu.

"Shikamoo tena, mzee," akasema Jerome akicheka. "Udongo wako umechacha kama togwa la juzi."

"Marahaba. Na togwa likichacha halirudi kuwa tamu."

"Halirudi. Lakini tunaweza kuutumia uchachu wenyewe."

Akatufungulia mifuko miwili. Mmoja ulikuwa na punje za kijivu, ile TSP tuliyoizoea ghalani. Wa pili ulikuwa na unga mweupe uliofifia, kama vumbi la ukuta uliobomoka. Akaeleza kwamba zote mbili ni mbolea za kupandia, zote zinaupa mmea kitu kile kile, fosfeti, kinachokosekana majani yanapogeuka zambarau. Tofauti ni mwendo. Punje zimepikwa kiwandani kwa dawa, kwa hiyo zinayeyuka upesi. Mahindi yanakunywa sehemu, na sehemu nyingine udongo mchachu unaikamata na hauiachii. Ule unga ni jiwe la huko kaskazini, limesagwa tu. Kwenye udongo usio mchachu unalala kama ulivyo. Kwenye udongo kama wetu, uchachu unautafuna kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na jiwe lenyewe linapunguza ukali wa udongo.

"Lakini mwaka wa kwanza litakuaibisha," Jerome akasema. "Nisikudanganye. Mwaka wa pili utasitasita. Mwaka wa tatu ndio utajua."

Wakaligawa shamba la babu kwa kamba ya katani, wakapigilia vigingi vya mti mgumu. Kipande cha upande wa kichuguu kikatiwa unga, mara moja tu kwa miaka yote mitatu. Cha katikati kikatiwa punje, na kingetiwa tena kila mwaka. Cha upande wa bondeni hakikutiwa mbolea yoyote ya kupandia, ili kiwe shahidi. Mbegu moja, palizi moja, mbolea ya kukuzia sawa kote. Kijiji hakikuchelewa kuvipa majina. Cha punje kikaitwa Kijana, cha unga kikaitwa Mzee, na kile kisichopewa kitu kikaitwa Yatima. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda kisimani walimhurumia Yatima kwa sauti, Ambrosi asikie.

"Kaka Ambrosi, mtoto huyu umemkosea nini?"

"Huyu ndiye atakayesema kweli," akawajibu. "Akishiba atasema uongo."

Mwaka wa kwanza jiwe likamwaibisha, kama alivyoambiwa. Kijana alisimama juu, majani mapana. Mzee alikuwa mbele ya Yatima kidogo tu. Yassini alikuja shambani na jamaa zake, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Hongera. Umeotesha ukuta," akasema. "Ukikomaa uniite, nina nyumba ya kujenga."

Ambrosi alicheka naye. Mwaka wa pili Yassini alikuja tena, akatazama upande wa kichuguu. Mahindi ya Mzee yalikuwa yamemfika Kijana begani. "Huyu babu kaamka," ndilo neno alilosema, akaenda zake.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Kwetu mahindi ya shamba moja hulundikwa mahali pamoja. Mafungu mbalimbali katika shamba moja huwekwa siku moja tu: baada ya mwenye shamba kufa na arobaini kupita, ndugu wanapokwenda kuvuna alichokiacha. Hapo ndipo fungu hili huwekwa la upande wa mama, hili la watoto, hili la waliomuuguza. Mwenye shamba akiwa hai, kumwekea mafungu ni kumwita kaburini. Waislamu na Wakristo, wote tunashika hilo, na padri anajua, na shehe anajua.

Ile miaka miwili jambo hili halikuleta shida, kwa sababu Jerome alikuja na magunia yake na mizani. Mahindi yalivunjwa na kutiwa guniani hapo hapo mstarini, yakapimwa yakining'inia mtini, na hapakuwekwa lundo chini. Lakini kabla ya mvua za mwaka wa tatu Jerome alipanda mlima kuaga. Mradi ulikuwa umefungwa, wafadhili wamehamia mambo mengine, yeye mwenyewe amehamishiwa mkoa wa mbali. Alileta punje za kumtia Kijana kwa mara ya mwisho. Magunia na mizani vilikuwa vimerudishwa ofisini.

"Nisamehe, mzee. Nilitaka niwepo."

"Nitapimaje?"

"Huhitaji mizani. Vipande vinalingana. Weka mafungu matatu, ita watu. Macho yatatosha."

Nilimtazama mke wa Ambrosi, Lusia, alipokuwa akimimina uji. Hakuinua kichwa.

Na watu walikuwa wanangoja. Ufuta ulikuwa umeuzwa vizuri mwaka ule, na kwa mara ya kwanza tangu chama kife, watu wa Namwedo walikuwa na uwezo wa kuagiza mbolea wakichanga pamoja. Yassini alisema waziwazi kwenye kikao: "Mimi nauza kinachonunuliwa. Mkitaka unga, nitaagiza unga. Mkitaka punje, nitaagiza punje. Lakini mkubaliane, maana hakuna lori litakalokuja huku kwa mifuko ya mtu mmoja mmoja." Punje zilikuwa ghali, na mwaka unaofuata ungezitafuta tena. Unga ulikuwa rahisi, na ungekaa ardhini. Mtu angetia unga mwaka ule ambao ana kitu, miaka asiyo na kitu asingelala njaa. Kwa Ambrosi hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kubaki mlimani. Vijana walikwisha kwenda Dar kutembeza mitumba. Nyumba kadhaa zilikwisha hamia barabarani, na bintiye Monika alikuwa ameolewa huko. Kikao kikakata shauri: wavune shamba la Ambrosi, waone mafungu, ndipo waagize.

Mwaka wa tatu mimi niliona kwa macho yangu, kabla ya kuvuna. Mzee alikuwa kijani mpaka majani ya chini. Lakini jani halipimwi debe, na Kijana naye alikuwa mzuri. Ambrosi alipita mistarini akibonyeza mahindi kwa kidole gumba, uso wake wa mtu anayesikiliza.

Miguu yake ilianza kuvimba mahindi yakiwa yanakauka. Kisha pumzi. Akawa analala ameketi. Kabla ya kubebwa kwenda hospitali, alimwita Lusia mbele yangu.

"Mama Monika. La Mzee weka kwenye kichuguu. La Kijana kwenye kisiki. La Yatima kando ya kibanda. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni mahindi tu. Hayana mdomo wa kuniita."

"Nimesikia, baba Monika."

Alisikia kweli. Mimi nilikwenda na mdogo wangu hospitali, kwa hiyo yaliyotokea shambani naeleza alivyonieleza Lusia mwenyewe, na hakujitetea. Siku ya kuvuna walikuja wanawake wa kitongoji, wa kusaidiana, na vikapu vyao. Lusia aliwaonyesha mahali patatu. Wakaanza. Kikapu cha kwanza cha Mzee kilikuwa kimekwisha mwagwa kwenye kichuguu, mtu mmoja alipofika kutoka barabarani na habari kwamba Ambrosi amewekewa damu na hajitambui. Wanawake wakasimama na vikapu vyao. Walimtazama Lusia, kisha wakatazama kile kikapu kilichomwagwa peke yake juu ya kichuguu.

Lusia alikwenda, akapiga magoti, akayazoa yale mahindi moja moja kwenye kanga yake, akayapeleka katikati ya shamba. "Lundo moja," akasema. "Mwenye shamba yu hai."

Wakavuna mpaka jioni wakitupa hapo hapo, Mzee na Kijana na Yatima, wakiwahi kana kwamba kila kikapu kinamvutia pumzi Ambrosi. Mama mmoja mwenye sauti, Devota, ndiye aliyeanzisha wimbo. Mabua wakayakata na kuyarundika mpakani, kama tunavyofanya siku zote, ili shamba la mgonjwa liachwe safi. Asubuhi yake Ambrosi alifungua macho, akaomba uji. Basi kamwambie Lusia kwamba alikosea. Mimi sikumwambia, na nisingemwambia.

Tulirudi naye akibebwa kwenye machela, bado miguu mizito. Alitaka apitishwe shambani kwanza, na vijana wa machela wakakubali. Lundo lilikuwa kubwa, jeupe, zuri. Ambrosi alilitazama. Akatazama kichuguu, kisiki, kibanda.

"Mengine yako wapi?"

"Yote ni hayo," Lusia akasema.

"Umeyachanganya."

"Nimeyachanganya."

 Nilidhani atamtukana, na ningemwelewa. Akasema, "Nishusheni nikae." Akakaa chini kando ya lundo, akaanza kuokota mahindi, moja anaweka kulia, moja kushoto, akiyageuza, akiyabonyeza. Aliokota kwa muda. Kisha akayarudisha yote. Hindi la Mzee na hindi la Kijana, ukishayavunja, yote ni mahindi.

Watu walikuja siku iliyopangwa hata hivyo. Walilizunguka lundo. Ambrosi aliketi kwenye kiti mlangoni, amejifunika shuka.

"Waulizeni waliovuna," akasema. "Mikono inakumbuka."

Wanawake wakaulizwa. Mmoja alisema vikapu vya upande wa kichuguu vilimwelemea shingo. Devota akasema la, vya katikati ndivyo vilivyojaa upesi, yeye alivibeba. Wa tatu akasema hakumbuki upande, alikuwa anaomba Mungu. Wakaanza kubishana, kisha wakacheka, kisha wakaona aibu kucheka.

Ambrosi akasema watazame mabua basi, mabua ya kichuguuni yalikuwa manene. Yassini alichuchumaa mbele yake. Siku ile hakuwa na utani, ila mdomo ulishazoea.

"Mabua hayaendi mashineni, bwana. Na yenyewe yamerundikwa pamoja. Mimi nakuamini, unanijua. Lakini nikisema agizeni vumbi la jiwe kwa sababu Ambrosi kaniambia, wakikosa watakuja kwangu na marungu. Nionyeshe kitu."

"Sina."

"Basi."

Kikao kikavunjika bila kukubaliana. Wenye ufuta mwingi wakaagiza punje zao wenyewe kwa njia ya Yassini, kidogo kidogo, zikaja juu ya lori la chumvi. Wengine wakanunua mbolea ya kukuzia peke yake kwa kuwa ndiyo iliyokuwa dukani, na Jerome alikwisha tuambia kwamba aina ile inazidi kuuchachua udongo. Waliobaki hawakununua. Familia nne zikatumia pesa ya ufuta kununua bati na kwenda kuezeka barabarani. Wakapita mbele ya nyumba ya Ambrosi na magodoro kichwani, wakimpa pole ya ugonjwa. Aliwapokea wote vizuri. Devota alikuwa miongoni mwao.

Yeye mwenyewe hakuinuka tena kwenda shambani. Hospitali walisema ni moyo, wakampa vidonge, vikaisha. Nilikaa naye mchana, Lusia akienda kutafuta kuni. Hawakugombana, lakini kati yao kulikuwa na ukimya ambao hata kuku waliuzunguka. Yassini alileta sukari, akakaa, akatania kuhusu ghala, akaondoka akijifuta uso kwa kofia.

Mawingu ya mvua mpya yalipoanza kukusanyika upande wa bara, Ambrosi alimwita Lusia. Aliniambia nibaki. Chini ya kitanda alikuwa na ile kamba ya katani ya Jerome, imezungushwa vizuri. Akampa mkewe mkononi.

"Vigingi vipo?"

"Vipo. Sijang'oa."

"Mwaka huu panda shamba lote. Mbegu ile ile. Usitie kitu. Wala punje, wala majivu, hata mtu akikuhurumia akakuletea bure. Kijana akinyimwa mwaka mmoja, tutaona alikuwa anasimama kwa miguu ya nani. Na jiwe kama bado lipo ardhini, litaonekana."

"Na nani atavuna?"

"Wewe. Na dada hapa, akiwa na nguvu." Alipumzika kidogo. "Utaweka mafungu matatu."

Lusia akatazama mlangoni. "Usinitume hilo."

"Mama Monika, nitazame. Mwaka huu utaruhusiwa. Hakuna atakayekushika mkono, maana sitakuwepo. Watakuja wenyewe kukuwekea mafungu, la mama, la watoto, la mwuguzi. Wewe waambie wasubiri. Kabla hawajagawa ya kwao, wagawe ya kwangu. La Mzee kichuguuni, la Kijana kwenye kisiki, la Yatima kando ya kibanda."

"Watu wanahama," akasema Lusia. "Hata kama ni kweli, wa kuonyeshwa atakuwa nani?"

"Sijui."

Lusia alikaa na kamba mapajani. Nilimsikia akihema. Ambrosi akafumba macho, na nikadhani amelala, ila alikuwa bado anapanga.

"Siku ya kuvuna mwite Yassini," akasema. "Asipokuja, tazama wewe. Fungu litakalokuwa kubwa, mbegu uichague humo."